Boti ya Fundi Lusubilo na Rangi ya Dhahabu

Tarehe 30 Juni 2025, Fundi Lusubilo Nzowa anastaafu baada ya kufundisha useremala katika chuo chetu hapa Mpemba kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida ameniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nimejaribu, lakini hasira haijaniisha.

Fundi alitoka Itaka mwaka 1994, akaja kwetu na randa moja na patasi nne. Hakuwa na mchezo kwenye vipimo. Mwanafunzi aliyesema "kama sentimita mbili hivi" alirudishwa kupima, hata kama kengele ya chakula ilishalia. Mimi nafundisha ushonaji chumba cha jirani, na aliwahi kunirudishia pazia kwa sababu pindo lilipinda kwa upana wa uzi. Nililifumua.

Kwa miaka minne, saa za mapumziko, alikuwa akiunda boti ya mfano kwa mabaki ya mninga, urefu wake mita moja. Hakuwa na mchoro. Alikuwa na picha moja iliyofifia ya boti ya mizigo ya Kasanga, Ziwa Tanganyika, ambayo baba yake aliihudumia kama fundi wa injini hadi alipofariki. Boti yenyewe ilishakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Kufikia Februari vilibaki vitu vidogo tu: madirisha ya mviringo aliyoyatengeneza kwa vipete vya matundu ya kamba za viatu, nguzo arobaini na mbili za waya wa shaba kuzunguka sitaha, nanga, na usukani unaozunguka kweli. Mimi nilishona bendera, ndogo kuliko stempu.

Mwezi Machi boti ilikuwa imekamilika, nasi tulitarajia wageni. Kaimu mkuu wa wakati ule, ambaye ameshahama, aliona boti haing'ai. Fundi akiwa msibani, akaagiza ipuliziwe rangi ya dhahabu. Rangi ikaziba madirisha, ikagandisha usukani, ikafunika mninga wote.

Fundi aliporudi aliikuta juu ya meza ukumbini, wageni wameshaketi.

"Nani amefanya hivi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, tumeipendezesha tu," kaimu akajibu huku akicheka. "Si mbao tu hizo?"

"Hiyo ni boti ya baba yangu."

Akaibeba, akatoka nayo mbele ya wageni wote.

Kesho yake akapewa barua ya onyo, eti utovu wa nidhamu. Miaka yote ile bila doa, halafu onyo! Na sisi wenzake tuliokuwa ukumbini tuliinama tukaangalia viatu vyetu. Mimi pia. Hapo ndipo hasira yangu inaponiuma zaidi.

Kwa miezi mitatu aliiondoa rangi kwa msasa laini, akayachokoa madirisha kwa pini. Aling'oa nguzo zote, akaanza upya. Usukani haukupona, akachonga mwingine. Nilimuuliza kwa nini asiiache tu.

"Tabita, mama bado hajaishika," akanijibu.

Juni 20 alichomeka nguzo ya mwisho. Uongozi mpya ulimwomba radhi mbele ya wafanyakazi, ukaifuta ile barua, kisha ukaomba boti ibaki ofisini. Alikataa kwa adabu.

Jumapili nilimsindikiza Itaka. Mama yake, Bibi Ferista, haoni tena. Aliipapasa boti kuanzia mbele, nguzo kwa nguzo, hadi kidole kikafika kwenye mlango mdogo wa chumba cha injini. Akaufungua kwa ukucha.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anakaa baba yako."

Fundi alitoka nje, akakawia kurudi.

Fundi Lusubilo, asante kwa kazi yako, na utusamehe ukimya wetu. Tunakuombea afya, karakana yenye mwanga wa kutosha, na mlango ambao ufunguo wake unao wewe peke yako.

Tabita Mwashitete, Idara ya Ushonaji