Mama Chumvi Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2026, Bi. Evalyne Nzilani Wathome anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha afya hapa Kitengela kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa kama msaidizi wa afya ya umma, kituo kilikuwa vyumba vichache na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Anaondoka akiwa msimamizi wa kitengo cha maji na usafi, kitengo ambacho kwa muda mrefu kilikuwa yeye mwenyewe na pikipiki.

Alizaliwa upande wa Makueni, ambako mto huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka na kila mtu anajua maji yako chini yake. Ujuzi huo alikuja nao. Katika kiangazi cha mwaka wa 2022, mabomba yalipokauka na lori la maji likawa halionekani, aliwapeleka akina mama wa upande wa Isinya kwenye mto mkavu, akachagua kona, wakachimba hadi mchanga ukalowa. Kisima cha watu kilizungushiwa miiba. Cha mifugo kilichimbwa upande wa chini, ili kinyesi kisirudi kwa mtungi wa mtu. Wenyeji walimcheka kwanza, wakisema Mkamba amekuja kuwafundisha mto wao. Baadaye walikuwa wakimpigia "takwenya," salamu ya heshima ya Kimaasai, kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Kiangazi hicho hicho alianzisha kazi ya chupa. Maji yaliachwa yatulie, yakachujwa kwa leso safi iliyokunjwa, yakatiwa kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, kisha chupa zikalazwa juu ya mabati zipigwe na jua kutwa nzima, jua liue vijidudu. Siku ya mawingu haikuhesabiwa. Chupa za kijani alizikataa katakata, jambo lililowaudhi wapenzi wa soda fulani. Munguti, bawabu wetu, aliona paa la kituo limejaa chupa akaamini Bi. Nzilani amefungua biashara ya pombe, na kwa siku kadhaa alimsalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Hatuwezi kumuaga bila kutaja tabia yake harusini. Wengine huuliza bibi harusi ni wa nani. Yeye huuliza maji ni ya wapi. Akiambiwa kwamba ni safi kabisa, tazama yalivyo meupe, jibu lake tunalijua wote: "Hiyo rangi hainiambii kitu. Niambie yametoka wapi." Wenzake tumeona aibu mbele ya wakwe za watu zaidi ya mara moja. Ni haki tuseme pia kwamba hakuna aliyeketi meza yake akarudi nyumbani na tumbo la kuendesha.

Lakini jina la Mama Chumvi alilipata Aprili 2024, mto ulipovunja kingo na mitaa ya chini ikaingia majini. Familia nyingi zilikimbilia uwanja wa kanisa moja lililo juu kidogo ya barabara. Barabara ilikatika, na lori la maji halikuweza kupita. Bi. Nzilani alifika kwa miguu, viatu vya gambuti vimejaa matope, akiwa na mkebe wa dawa ya klorini begani.

Mtu wa Kitengela hahitaji kuelezwa habari ya maji yetu. Maji ya chumvi, yanayotoka kisima kirefu cha mashine, ni ya kufua na kupiga deki. Maji matamu ndiyo ya kunywa. Kanisa lilikuwa na yote mawili: tangi kubwa la juu lililojaa maji ya chumvi, na kisima kifupi cha maji matamu alichokichimba Mzee Mbugua, mzee wa kanisa, kwa gharama yake, akakitoa bure kwa yeyote mwenye kiu. Watu wakapanga mstari kwenye kisima. Tangi halikuguswa ila kwa kuosha miguu.

Shida ni kwamba mafuriko yalikuwa yamepitia vyooni kabla ya kufika kwenye kisima. Watoto walikuwa wameanza kuhara. Mdogo kuliko wote alikuwa mwana wa Naisenya, msichana wa Kimaasai aliyekuwa amejifungua miezi michache tu kabla ya hapo. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na hakuwa na nguvu ya kulia. Naisenya alikuwa akimkorogea maziwa ya unga kwa maji matamu, kwa kuwa mama gani atampa mtoto mgonjwa maji ya kupiga deki?

Kisima kilipaswa kufungwa mara moja, na watu wanywe maji ya tangi, ambayo mafuriko hayakuyafikia. Ila angekifungaje kisima cha mtu aliyempokea kila aliyefika pale, tena mbele ya watu waliokula chakula chake? Bi. Nzilani hakuhutubia. Alimwomba Mzee Mbugua watembee pamoja kutoka vyooni, wakiufuata mstari wa matope ukutani, na mstari ukawafikisha hadi mdomoni mwa kisima. Mzee alisimama pale, akavua koti lake, akalifunga kwenye mpini wa pampu kwa mikono ya koti lenyewe, akawaambia watu: "Hii yangu imeharibika. Kunyweni ile ya tangi, na mimi nitakunywa wa kwanza." Alikunywa, akakunja uso, watu wakacheka.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Mvua ilikingwa kwenye paa la kanisa, maji ya mwanzo yakamwagwa kwa sababu ndiyo yanayoosha kinyesi cha ndege, yaliyofuata yakachanganywa na ya tangi ili chumvi ipungue mdomoni. Yakatiwa klorini na kuachwa nusu saa. Ya watoto yalichemshwa hadi yatokote, kwa kuni za madawati mabovu ya kanisa. Chai ilikuwa mbaya sana, na aliyelalamika aliongezewa. Mwana wa Naisenya alinyweshwa ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko, Bi. Nzilani na mama yake wakipokezana, mpaka alipolia kwa sauti. Sisi tuliofika baadaye na dawa tulimkuta Bi. Nzilani amekaa kwenye ngazi za kanisa akilia naye.

Kanisa lile lilifanya ibada nyingi mwezi ule. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mazishi ya mtu aliyekuwa amelala uwanjani pale.

Bi. Nzilani, mama yake Kalekye, asante. Asante kwa miguu yako, kwa ukali wako, na kwa aibu zote ulizotutia harusini. Mungu akupe afya huko Makueni, na shamba likutii kuliko sisi tulivyokutii. Leo Naisenya ameketi viti vya mbele huku mwanawe akikimbia kati ya meza akiomba soda. Mtoto huyo hakujui, na hakumbuki kwamba aliwahi kuugua.