Fundi Aliyeipa Miguu Yangu Kazi

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo alikuwa fundi cherehani, na ninayesoma ni mdogo wake, kitinda mimba. Mniwie radhi nikibadilisha mguu mara kwa mara. Aliagiza mwenyewe nisome mimi, na najua kuna walioguna.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, kifungua mimba wa watoto watano. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977. Shuleni alipewa ashone pazia la ofisi ya mwalimu mkuu, akaweka pindo pana mno, pazia likaishia nusu ya dirisha. Wakamwita Bi Pindo, na jina likamganda.

Mwaka 1984 alifungua kibanda cha kushonea sare za shule, mlango wa tatu kutoka kona, akafanya kazi hapo miaka arobaini. Tarehe 10 Desemba 1988 aliolewa na seremala, shemeji yangu, aliyemtengenezea meza ya kukatia kabla hata ya kupeleka posa.

Mwezi Mei 2009, nikiishi kwake, niliacha dawa zangu za akili. Nilizificha kwenye kopo lake la vifungo, mahali ambapo fundi hutia mkono kutwa mara ishirini. Akatafuta kifungo cheupe, akatoa kidonge. Alicheka kwanza.

"Nyumba nzima hii, wewe ukaona ufiche kwenye vifungo?"

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Zinakufanya nini?"

Nikamwambia zimenyamazisha sauti nilizokuwa nikisikia, lakini miguu haitulii. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Ndugu zetu walikuwa wameniona nikizunguka sebuleni, wakasema ugonjwa umepanda. Sasa waliposikia nimeacha dawa, wakataka nitiliwe kwenye chai bila kujua. Dada alikataa katakata.

"Siku akigundua, hatapokea hata maji mkononi mwangu."

Walimwita mbishi. Alikuwa mbishi kweli.

Sauti zilikuwa zimeanza kurudi, nami niliogopa. Akaniomba nimeze hadi siku ya kumwona daktari, na miguu angeitafutia kazi. Akanikalisha kwenye cherehani nikanyage pedali, yeye akisimama pembeni kuongoza kitambaa. Sare za mwaka ule zilitoka na mishono ya kombo, na baadhi yenu hapa mlizivaa. Kwenye daftari la vipimo, chini ya viuno na mabega ya watu, aliandika siku na saa ambazo miguu ilikataa kutulia. Daktari alilisoma, akasema hiyo ni dawa, si ugonjwa, akanibadilishia. Baada ya wiki chache nilikaa mezani mpaka nikamaliza chakula.

Niliacha tena mara mbili. Siwezi kudanganya mbele ya jeneza lake. Kila mara alianza na swali lile lile.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Dawa zilimtapisha, akataka kuziacha. Nikamuuliza zinamfanya nini, nikaandika kwenye daftari lile lile, tukampelekea daktari wake. Kutapika kulipungua. Ugonjwa haukupungua. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mguu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne, mimi nikiwemo.

Walipomwambia kwamba sitaweza kumaliza kusoma, alijibu, "Akikwama, msubirini."

Asubuhi hii nimemeza dawa kwa mkono wangu. Shemeji, ile nakala uliyoweka mfukoni endapo ningeshindwa, rudi nayo nyumbani. Nimemaliza.

Pumzika kwa amani, dada. Na miguu yako itulie.