Mama Katungu Séphora, na Kile Kidogo Kitakachorudi

Wachungaji, wakubwa wa jamaa, majirani wa Bulengera, na ninyi mliotoka Mutwanga na Mabalako, mimi ni Kasonia, mtoto wa dada mkubwa wa marehemu, jamaa wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama mdogo Katungu Séphora, nami nitayasoma bila kupunguza, hata pale ambapo wengine mmeshaanza kuyasimulia sokoni kwa namna yenu.

Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 huko Mutwanga, mtoto wa nne wa wazazi waliolima kahawa na kumtumikia Mungu katika kanisa la Kibaptisti, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akapelekwa Beni kusoma uuguzi, akapata diploma yake mwaka 1990. Kazi ya kwanza aliifanya upande wa Mabalako, miaka miwili, na huko alijifunza, kama alivyopenda kusema, kwamba mgonjwa haji peke yake, anakuja na ukoo wake.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa hapa Butembo na baba Gracien, muuzaji wa vipuri vya pikipiki, na Mungu akawapa watoto watatu, Esdras, Eliane na Bénie, ambao wote wameketi mbele yenu. Alikuwa mama mkali, tusidanganyane, nyumbani kwake hakuna mtoto aliyekula bila kunawa mikono, na hakuna mchumba aliyekaribishwa bila kuulizwa maswali kama mtu aliyefika mpakani.

Baada ya miaka mingi ya kuuguza katika hospitali za mji huu, tarehe 1 Septemba 2016 aliingia chuo kikuu, katika bureau, ofisi inayowasaidia madaktari wanaofanya utafiti juu ya magonjwa, yaani bureau inayowatafutia vyumba, maabara na friji za kutunza damu, inayosoma mipango yao kabla haijamgusa mtu, na inayomweleza mgonjwa anaombwa nini, ili akubali au akatae kwa akili yake. Kazi hii ya mwisho ndiyo ilikuwa yake. Madaktari walifika na makaratasi mazuri kutoka mbali, naye aliwapeleka kwanza vijijini wakakae chini na wenye miili, na aliyeona kuwa ni kupoteza wakati alirudi na makaratasi yake.

Mwaka 2020 ulianza utafiti juu ya ugonjwa wa maini upande wa Mabalako, na ili kujua sababu yake madaktari waliomba kwamba mgonjwa akifariki, jamaa waruhusu sindano ichukue kipande cha ini, kidogo kama punje ya mchele. Mnakumbuka tulivyotoka katika Ebola, watu wetu walizikwa sisi tukiwa tumesimama mbali, kwa hiyo ombi hilo lilikuwa zito, na nyumba nyingi zilikataa. Wa kwanza kukubali alikuwa baba Maulidi, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, alipofiwa na mkewe Nasiba mwezi wa Februari 2021, lakini alitoa sharti lake: "Mama Katungu, mimi hapana kataa, mais kile munakamata ku mwili ya bibi yangu, mukimaliza murudishe, nikiweke naye." Mama mdogo aliahidi, akaibana bureau yake mpaka ahadi hiyo ikawa sheria ya utafiti.

Ahadi ilitimizwa vibaya. Kazi ya maabara ilipokwisha, mabaki yalifungwa vizuri katika kifurushi, yakapigwa muhuri, yakapewa motard, dereva wa pikipiki, kwa kibali cha mama mdogo mwenyewe, na baba Maulidi alimrudisha motard yule na kifurushi chake, akisema hajawahi kuona maiti akitumwa kama gunia la maharagwe. Mama mdogo alisema wazi kwamba amekosa. Alipanda pikipiki kesho yake na wenzake wawili, akakipakata kile kifurushi njia nzima, akakaa kwenye mkeka na wafiwa, akasikiliza dua, akala alichopewa, na tangu siku hiyo bureau yao haijatuma tena kitu cha marehemu kwa motard, inakipeleka kwa mikono na inakaa kilioni.

Mwezi wa Februari 2024 alianza kuchoka na tumbo likavimba, na waganga wa hospitali walipompima walikuta ni ini, ugonjwa uleule aliokuwa akiwaeleza wengine. Aliomba aandikwe katika utafiti kama mgonjwa yeyote, akakubali na sindano ya baada ya kifo, akamwambia mumewe na watoto wake, ila hakumwambia kaka yake, noko Ésaïe, yaani mjomba wetu, maana alimjua. Alifariki Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bénie, na tunaumia.

Jumapili jamaa walikaa, na noko Ésaïe, mkubwa wa ukoo, alikataa katakata: "Dada yangu ameshateseka, hapana mutu atamutia tena sindano." Baba Gracien alikuwa analia tu. Ndipo Bénie, kitindamimba, akasema: "Noko, mama alibaomba batu ya Mabalako, na balikubali, donc sisi tutakatala namna gani?" Noko akasema sawa, lakini yeye atakaa mlangoni. Jumatatu asubuhi alikaa mlangoni pa morgue, chumba cha maiti, mpaka waganga walipotoka, akaingia, akamtazama dada yake, akamfunika mwenyewe.

Basi ninyi mnaosema sokoni kwamba mwili umeuzwa, au kwamba ini lake limepanda ndege, mmesikia yaliyotokea, na mwenye swali aende kwa noko Ésaïe, hachukui muda kujibu.

Jamaa wanawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia tangu siku ya kwanza, wafanyakazi wenzake wa chuo kikuu waliolala hapa kilioni pamoja nasi, mama za kanisa waliopika, majirani waliotuazima viti na masufuria, na baba Maulidi aliyetoka Mangina, kule Mabalako, kwa barabara tunayoijua sote, akaketi nasi kwenye mkeka kama mama mdogo alivyoketi kwake.

Majirani, viti vyenu mtavichukua leo, lakini maabara itakapomaliza kazi yake tutakuja kuviomba tena, maana siku hiyo kaburi hili litapokea kile kidogo kilichobaki, na hakitaletwa na motard, noko Ésaïe amesema atakwenda kukichukua mwenyewe na kukipakata mpaka hapa.

Pumzika kwa amani, mama mdogo, cha kwako kitakufikia mikononi mwa kaka yako.