Bi Kidawa Machano, Aliyeinyima Bunduki Saini Yake

Assalaam alaykum. Kwa niaba ya familia, mimi Himid, mwanawe wa mwisho, nasoma historia ya mama yetu, Afisa Mteule Daraja la Pili mstaafu, Kidawa Machano Kificho, na wakubwa wameniomba nisome kwa adabu, nami nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1964, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, akasoma Skuli ya Vikokotoni, akajiunga na jeshi tarehe 11 Januari 1984, akafunzwa ufundi wa silaha, na kwa miaka yote hiyo hakuna bunduki iliyotoka mikononi mwake ikarudishwa kwa ubovu, that's a fact, si sifa za matangani.

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na baba yetu, Bwana Hamid Msabah, fundi cherehani wa Mkunazini, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, wakajaaliwa watoto wawili, Zuleikha na mimi.

Mwaka 2016 aliteuliwa, mwanamke pekee, kwenye kamati ya kuchagua bunduki mpya ya kila askari, zikaletwa aina nne, moja ikapata alama za juu kwenye majaribio, wakubwa wakaipenda, ripoti ikaandikwa, ikabaki saini yake tu, akakataa, kwa sababu kila baada ya magazini moja ya risasi mafundi wa muuzaji walikuwa wakiisafisha wao wenyewe, na kamati nzima, na madigrii yao, wanatazama tu. Mkubwa mmoja akamwambia, "Bi Kidawa, haya si mambo ya jikoni, tia saini upate cheo chako." Akamjibu, "Naam afande, lakini jikoni ndiko tunakojua chumvi inavyokula chuma." Akahamishiwa ghala la mablanketi, miezi kumi na minne, cheo kikampita, with due respect kwa waliokipata, wengine wamo humu.

Lakini bila ya saini ya fundi wa silaha ripoti haikwenda popote, ikabidi Novemba 2017 bunduki zote nne zipelekwe pwani ya Matemwe, wiki tatu kwenye mchanga na upepo wa chumvi, zikisafishwa na makuruta kwa kitambaa na mafuta, basi. Ile kipenzi cha wakubwa ikakwama risasi ya kumi na moja, na ile mbaya ya sura, isiyotakiwa na mtu, ikapiga mia sita bila ya kukohoa, ikachaguliwa, na mama akatia saini.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018 kwa cheo kilekile, akaanza kuumwa figo Februari 2024, akafariki Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa tano asubuhi, akazikwa Mwanakwerekwe siku hiyohiyo baada ya sala ya Alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kiponda mliotupikia siku tatu hizi, na wenzake wa kazini, hususan Koplo Tabia, mmoja wa wale makuruta wa Matemwe, aliyetwambia jana barazani, "Nilikwenda na bunduki ile ulinzi wa amani, tukashambuliwa mara mbili, haikunikwamia, nimekuja kumshukuru, nshachelewa." Hukuchelewa, dada, mama alijua haitakukwamia tangu siku aliyotia saini.

Pumzika, Mama, Mola akupandishe daraja, Kwake hakuna kamati.