Mhandisi Mkuu Aliyeiona Dhoruba Ikienda Kinyume

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mhandisi Mkuu wa rada yetu ya hali ya hewa anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Tumehakikishiwa kwamba uwanja wa ndege utaendelea kuwepo.

Alikuja kijana mwembamba, mwenye diploma na maoni mengi. Wembamba uliisha. Alipopanda cheo aliamua rada yetu ione mbali kuliko zote, akapunguza kasi ya mapigo ya mawimbi inayorusha, ili mwangwi wa mbali upate muda wa kurudi. Kweli ikaona mvua za ng'ambo ya milima, na wageni wakaletwa kutazama.

Alichopuuza ni kwamba rada hupima mwendo wa upepo kwa kuchukua sampuli za mwangwi unaorudi. Mapigo yakipunguzwa kasi, sampuli huachana mno, na upepo mkali huweza kuonekana unakwenda kinyume, kama magurudumu ya gari kwenye sinema yanavyoonekana kuzunguka kinyumenyume. Wenzake walimweleza hivyo zaidi ya mara moja. Aliwajibu kwamba rada haiendi sinema.

Alasiri moja dhoruba ikaja. Skrini ikaonyesha inaondoka, naye akapiga simu mnarani kwamba ndege iliyokuwa angani itue bila wasiwasi. Aliyepokea ni mwongozaji ndege wa zamu, mdogo wa mkewe. Akasita. Mhandisi Mkuu akataja cheo, kisha akataja miaka yake kazini.

"Shemeji," akamjibu, "wewe una skrini, mimi nina dirisha. Na dada yumo kwenye hiyo ndege."

Ndege ikaelekezwa uwanja mwingine. Muda si mrefu upepo uling'oa paa la ofisi ya rada, na Mhandisi Mkuu akatolewa chini ya meza, mzima, ameikumbatia printa.

Mkewe alirudi kesho yake kwa basi. Mhandisi Mkuu alimpokea kituoni, akamshika mkono mpaka nyumbani. Hatujawahi kumpenda kama siku ile.

Wiki iliyofuata alishapona upole huo. Uchunguzi wake ulilaumu nyaya, umeme na "upepo usio na nidhamu". Kisha akarudisha mapigo yalivyokuwa, akayaita maboresho, akatunukiwa cheti. Shemeji yake bado anasubiri asante.

Sisi tunaitoa yetu: ametuachia rada nzima na paa jipya. Kwako mama, mkewe, kuanzia kesho atakuwa nyumbani kutwa, akikuelekeza namna bora ya kufagia, kupika na kufunga mlango. Sisi tulivumilia kwa mshahara. Yeye tunamwombea afya njema na siku nyingi za raha. Wewe tunakuombea subira.