Jozi Kumi na Moja Mlangoni

Benchi la Fundi Soli lilisimama kwa miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na waliolizoea walijua upande wa kukaa na upande wa kumwachia mgeni. Lilikuwa kwenye kona, mbele ya kibanda chake cha kushonea viatu, na kila asubuhi kahawa ya kwanza ilikuta watu wameshaanza kubishana. Siku hiyo hata salamu zilirukwa. Orodha mpya ya ruzuku ya kaya maskini ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa tangu jana jioni, na jina la dada yake Fundi halikuwamo. Fundi alikwisha kuisoma kwa kidole, juu hadi chini, kisha chini hadi juu, maana macho ya mwenye shida hayaaminiki. Sasa alikuwa anapigilia kisigino cha kiatu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote.

— Arobaini na tatu, — alisema Redio, kinyozi wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimwi. Mteja wake alikuwa kaachwa kitini na povu shavuni. — Alama arobaini na tatu. Mwisho wa umaskini ni arobaini. Dada yako, Fundi, kaukimbia umaskini kwa alama tatu na mwenyewe hana habari.

— Zamani tulikuwa tunakaa mkutano wa mtaa, — alisema Sentimita, mshona nguo, ambaye futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. — Mtu anasimama, anasema fulani hana, na kila mtu anajua kweli hana. Sasa wameleta wadadisi. Maswali mia na kumi. Unakula mara ngapi, unalalia nini, paa la nini. Kisha majibu yanaingia kwenye kompyuta, inatoka namba.

— Na namba haina shangazi wala mjomba, — alisema Bi Birika, akimimina kahawa. — Ukiilalamikia inakutazama tu.

— Mimi nawaambia ni bati, — alisema Redio. — Kuna chombo huko juu kinapita kinapiga picha mapaa. Bati la dada yako linang'aa.

— Bati lile lina kutu tangu sijaoa, — alisema Fundi.

— Kutu ikilowa mvua inang'aa. Walipiga picha siku ya mvua.

— Ndiyo maana wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa, — alisema Sentimita.

— Vimeundwa nini?

— Mabati.

— Methali hiyo umeivalisha mguu usio wake, — alisema Fundi bila kuinua kichwa, na Bi Birika akacheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

Sentimita hakujali. Alishapandwa na mori, na akipandwa na mori hupima hewa kwa ile futi yake. Alisema bati si kitu, kitu ni ile namba waliyoichora kwa chaki mlangoni. Nyumba ya dada ni kumi na nne. Kumi na nne inagawanyika kwa mbili. Zilizogawanyika zimekatwa.

— Yangu ni kumi na mbili na haikukatwa, — alisema Bi Birika.

— Yako inagawanyika mno, wakachoka. Nyie hamjui hesabu za hawa watu. Wanaita sampuli. Ni kama kuonja mchuzi, unachota kijiko kimoja unajua chumvi ya chungu kizima. Sasa wao wamezamisha kijiko, wamekutana na finyango la nyama, wakasema mtaa mzima unakula nyama.

— Wewe unazungumzia kijiko, — alisema Bi Birika, akaivuta sauti chini. — Mimi nilikuwepo jirani pale siku ile. Ile simu pana ya mdadisi ilikuwa inasikiliza. Na dada yake Fundi alicheka. Mara mbili. Maskini gani anacheka mara mbili mbele ya serikali?

— Basi hapo ndipo alama tatu zilipotoka, — alisema Redio. — Kicheko cha kwanza alama moja, cha pili mbili, maana cha pili mtu hucheka kwa raha. Lakini nitawaambia jambo kubwa kuliko yote hayo. Umaskini wenyewe umehamishwa. Kila mtaa una fungu lake, wetu wamepewa mtaa wa ng'ambo ya barabara. Asiyekuwepo na lake halipo. Umaskini wetu siku ile haukuwepo, wakaandika haupo.

Wote wakainamia vikombe vyao kuliheshimu hilo. Hata mteja mwenye povu alitoa kichwa mlangoni asikie vizuri.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye mkoba wa turubai begani na kandambili ya ngozi mkononi, ukanda umekatika. Alichechemea hadi kwenye benchi, akawaamkia wote, akaomba ashonewe upesi maana bado ana mwendo. Walimwonyesha upande wa mgeni. Benchi likainama, akalishika, akasema pole kwa benchi. Fundi alipokea ile kandambili, akachukua sindano na uzi wa nta, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba umeongezeka mkono mmoja wa kushika kikombe tu.

— Kinachoniuma, — alisema Bi Birika, — ni heshima tuliyowafanyia wale wadadisi. Mtaa huu mgeni hafiki kabla ya habari yake. Walipokuwa nyumba ya kwanza, mimi vikombe vyangu sita vya maua vilishafika kwa dada yake Fundi. Nikamwambia, dada, usinywe na mgeni kwa kopo, tutachekwa.

— Kumbe vile vikombe ni vyako? — alisema Sentimita. — Mimi nilipeleka mapazia. Ya bibi harusi mmoja, alikuwa hajaja kuyachukua. Nilitundika asubuhi, nikatoa jioni.

— Kioo kikubwa kilikuwa changu, — alisema Redio kwa fahari. — Na redio ya betri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sindano ya Fundi ilikosa tundu, ikamchoma kidole gumba. Alikuwa na lake, na hilo hakulipeleka benchi wala kwa mkewe.

Dada huyu ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki. Aliuza cherehani yake, cherehani pekee, ili mdogo wake apate nyundo, koleo na chuma cha kuvalishia viatu. Toka siku hiyo anafua nguo za watu, na sasa ana wajukuu watatu wa kike juu yake. Wawili wanasoma, mmoja zamu ya asubuhi na mwingine ya mchana, na wanapokezana jozi moja ya viatu pale mlangoni. Wa asubuhi anavua, wa mchana anavaa vingali na joto. Ile ruzuku ndiyo sare, ndiyo daftari, ndiyo unga. Bila hiyo, zamu moja ingekoma.

Sasa siku ile habari za wadadisi zilipofika kibandani, Fundi alipatwa na aibu iliyompanda mpaka masikioni. Watafiti watakuja na kuandika kwamba nyumbani kwa dada wa fundi viatu watu wanakwenda peku. Akakusanya viatu vya wateja, vile vilivyokwisha kutengenezwa na vile vilivyongoja, akavipanga mlangoni kwa dada yake kwa mstari ulionyooka, vikapigwa dawa ya viatu vikang'aa. Jozi kumi na moja. Jozi yao wenyewe ilikuwa shuleni. Mdadisi aliuliza kama kila mtu katika kaya ana viatu. Dada alitazama mlango, akamtazama mdogo wake aliyesimama pembeni, akasema ndiyo, kila mtu. Kisha akacheka kile kicheko cha pili, ambacho Fundi alikijua vizuri. Hakikuwa cha raha.

— Samahani, — alisema mgeni, akiweka kikombe chini. — Mimi ni wa utafiti.

Redio, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, alimkumbuka mteja wake mwenye povu, akageuka kumtazama.

— Si mdadisi, ni mhakiki. Wadadisi wakimaliza, sisi tunarudi kwenye nyumba chache, tunauliza tena, tuone kama karatasi na nyumba zinafanana. Nikisaini leo kwamba zinafanana, alama inabaki ilivyo miaka mitatu. Nikisema hazifanani, nyumba inapimwa upya.

— Na chombo cha juu? — aliuliza Sentimita.

— Hakuna chombo.

— Na kucheka?

— Hatuhesabu kucheka, baba.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaikunja ili jina lisionekane.

— Sitaji nyumba, sina ruhusa. Lakini nyie mnaujua mtaa wenu, na mimi kuna jambo limenishinda kulielewa toka jana. Kuna nyumba hapa ina watu wanne. Bibi mmoja na wasichana watatu wadogo. Mdadisi ameandika kwamba mlangoni alihesabu jozi kumi na moja, na jozi moja ni ya mwanamume, namba arobaini na tano. Mimi nataka kujua kitu kidogo tu. Hao wengine wanalala wapi?

Redio alivuta miguu yake taratibu chini ya benchi. Ilikuwa miguu ya arobaini na tano, na soli za viatu vyake zilikuwa bado mpya. Sentimita aliitoa futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, na kilichotoka kilikuwa machicha.

Watu waliokuwa na majibu ya bati, ya chaki, ya kijiko na ya mawingu walitazama chini. Mmoja baada ya mwingine walimtazama Fundi, wakaacha kumtazama.

Fundi alikata uzi kwa meno. Alifikiri dada yake akiulizwa tena atasema nini, akajua. Atasema ndiyo. Akipewa hata dakika tano atatandika kitambaa, ataazima kikombe, atasema ndiyo kila swali, ili mdogo wake asionekane mtu aliyeshindwa kumvisha viatu aliyemlea. Ataisitiri aibu ya mdogo wake mpaka wajukuu walale njaa.

Akainuka, akaipangusa ile kandambili kwenye aproni, akaiweka chini mbele ya mguu wa mgeni.

— Ngoja basi nitangulie, — alisema Redio, keshasimama, — nimwambie dada mgeni yuko njiani, apange...

— Kaa, — alisema Fundi.

Redio akakaa, upande wa mgeni, benchi likainama naye.

— Viatu ni vyangu, mwanangu, — Fundi alimwambia yule mhakiki. — Vya kibandani. Nitakueleza tukitembea. Vaa twende sasa hivi, kabla hajasikia kuna mgeni.