Vitanda vya Gesti

Kijiwe chetu hapa Kibiti kiko mbele ya duka la vipuri vya bodaboda: benchi moja refu, mguu mmoja wa tofali. Jana utani haukuwapo. Chuo cha ukunga cha mtaani kwetu kimekaguliwa, kimenyimwa ithibati, kimefungwa, na Sikudhani binti Gharibu alibakiza muhula mmoja tu. Gharibu mwenyewe alikaa pembeni na kikombe mkononi, hanywi. Walioanza ni Wakili, muuza mkaa asiyekubali kushindwa ubishi, na Madini wa bodaboda.

— Wakaguzi wenyewe walimu wa vyuo vingine, Wakili akasema. Mwalimu anamkagua mwalimu mwenzie! Si wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha? Hawa wametula mpaka mifupa.

— Wivu tu huo, kaka, Madini akadakia. Chuo chetu kikijaa, wao watamfundisha nani?

— Wivu wapi! Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana yule mama mkaguzi alianza kufunua mashuka.

Hapo nikawaka.

— Akakuta nini? Semeni basi! Namba za vyumba vya gesti kwenye vitanda!

Vitanda tulivibeba sisi wenyewe. Mkuu wa chuo alikuja hapa kijiweni akasema wageni wa ukaguzi wanakuja, na chumba cha mafunzo ni kitupu. Sasa kwetu jirani akiwa na shughuli, majamvi yanaazimwa, masufuria yanaazimwa, na aibu yake inakuwa yetu sote. Tukavitoa vitanda gesti, tukaviingiza chuoni kwa vifijo kama tunapeleka vyombo vya harusi.

— Kusitiriana imekuwa dhambi? Wakili akanuna. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona hatujapona?

— Nasikia hao wakaguzi wana mashine, Madini akashusha sauti. Ukiielekeza kitandani inakutajia nani alilala jana.

— Mashine gani! Wakili akabisha. Jini hilo. Linapanda nao gari.

— Au kuna mtu kasema, akasema Maneno, muuza kahawa.

— Nani huyo?

— Mimi. Shikamooni, baba zangu.

Alikuwa Sikudhani, bado na sare yake, furushi la mashuka ya gesti kichwani. Akalitua.

— Yule mama mkaguzi aliniambia nimwonyeshe namna ya kumlaza mama mwenye uchungu. Nikashindwa. Akaniuliza, mwanangu, vitanda hivi mmevizoea? Nikamwambia vimekuja jana.

— Ungekisitiri chuo chako, mwanangu! Wakili akamaka.

Hakumtazama. Alimtazama baba yake. Sote tunajua dada wa Sikudhani, Nasma, alifia ndani ya boti wakimtoa deltani kumleta hospitali. Maji yalikupwa, boti ikakwama topeni kwenye mikoko, mtoto anakuja, na ndani hamna anayejua la kufanya. Ndiyo maana mdogo wake akaenda kusomea ukunga.

— Baba, siku ile ningekuwamo mimi botini, na masomo haya niliyosomeshwa, Nasma angepona?

Gharibu akaweka kikombe chini. Maneno akainamisha birika kwenye kikombe changu, hakikutoka kitu.

Sikudhani akajitwika mashuka, akaenda kuyarudisha gesti.